HASIRA ZA BEI TUSIZITUPE BAHARINI

Ndugu wanachama,

Bamvua lililopita, maji yalipokupwa, pwani yetu ilikuwa imejaa taitai. Si za watalii wala za meli. Ni zetu, kamba zile zile za plastiki tunazofungia mwani. Ukiuliza, unajibiwa: "Bei yenyewe hii, na taitai nazo niziokote?"

Sisi tunasema hilo si jibu. Kweli, bei inauma. Tangu mwani uanze kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, mgongo ni wetu, wengi wetu wanawake, na bei wanapanga wengine. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini anayepanga bei hakai hapa. Taitai ukiitupa haimfikii yeye. Inamfikia kasa, inakatika vipande vidogo visivyooza, inarudi mashambani mwetu. Umemkasirikia mnunuzi, ukamwadhibu mwanao.

Na bahari yenyewe ishachoka. Kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kwa maji kupata moto. Ati tuizidishie na takataka?

Wako wanaosema: wekeni faini, watu wataogopa. Hao nao tunawapinga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Zanzibar mwaka 2006, na bado ikaingia kwa magendo. Sheria ni nzuri, lakini sheria haishuki baharini kuokota kamba. Anayeinama ni mtu, na mtu huinama kwa moyo. Aliyepunjwa kwenye mizani, akajibiwa kwa ukali, akazungushwa wiki mbili ndipo alipwe, huyo hata umwekee mapipa kumi atayapita tu. Sote tumeona hapa kijijini: siku mizani ikiwa ya haki, taitai hurudi kwenye polo, siku ya manung'uniko, hubaki mchangani.

Basi tunadai mambo mawili, na hatutaki moja bila ya jingine.

KAMATI: Mizani iwekwe hadharani, kila mkulima asome kilo zake mwenyewe. Malipo yatolewe siku ile ile. Karani aseme na watu kwa adabu, kwani waliosimama mbele yake ndio wenye ushirika. Na pembeni ya mizani liwekwe polo la taitai mbovu.

WANACHAMA: Kila anayevuna arudi na taitai zake. Nzima azifungie tena, mbovu azitie kwenye polo. Wala tusikate mikoko michanga kwa ajili ya vigingi. Humo ndimo samaki wetu wanamolelewa.

Bei tutaigombania mkutanoni, kwa sauti moja, mbele ya mnunuzi mwenyewe. Huko ndiko ziendeko hasira zetu. Bahari haijatupunja hata kilo moja.

Ni sisi, wakulima wenzenu wa mwani.