Haikuwa mkono wa wakubwa, ilikuwa roboti



Wiki jana saiti yetu ilianza kwenda polepole, kisha ikafunga kabisa kwa masaa. Kwenye WhatsApp keleo zikaanza mara moja: wanatuzima, ni watu wa usalama! Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuandika komunike ya kulaumu wakubwa. Lakini mutu asiye na kazi ana wakati. Nikafungua daftari la seva, pale kila anayegonga mlango anaandikwa, nikasoma mpaka moto ukakatika.

Nilisikia haya. Anwani za inchi nyingi, zote zinaomba ukurasa mmoja: wp-login.php, mlango wa kuingilia WordPress. Jina ni «admin» tu, na neno la siri moja nyuma ya lingine, usiku kucha. Zingine zilitafuta programu ambazo hatujawahi kuweka. Adui anayetujua angejua kwamba hatuna. Hizi zilikuwa zinapapasa.

Wengi wanauliza: sisi wadogo hivi, nani ana haja na sisi? Hapo ndipo tunajidanganya. Mwizi wa avenii hachagui parsele juu ya jina la mwenyewe. Anasukuma kila mlango, na ule unafunguka ndio anaingia. Anwani za intaneti za aina ya IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha, kwa programu yao ZMap, kwamba mashine moja yenye laini nzuri inaweza kuzigonga karibu zote chini ya dakika 45. Tena, saiti mpya ikipata cheti cha HTTPS, jina lake linaandikwa kwenye daftari la hadharani, na roboti zinasoma daftari hilo. Ndiyo maana saiti ambayo haujaambia hata mama yako inaweza kugongwa siku ileile. Na kwa kuwa zaidi ya asilimia 40 ya masaiti ya dunia yanatumia WordPress, tundu moja likijulikana linajaribiwa kwa mamilioni ya milango.

Wanatafuta nini? Si maandishi yetu (samahani kwa wale wenye kuyaandika). Wanataka mashine: itume barua za utapeli, ifiche ukurasa bandia wa benki, ama iingie katika jeshi la kushambulia wengine. Mwaka 2016, Mirai ilikamata makamera na maruta kwa malaki, kwa kujaribu tu maneno ya siri kama 60 ya kiwandani. Mwezi wa kumi ikaangusha kampuni ya Dyn, na Twitter na Netflix hazikufunguka kwa watu wengi. Kamera ya nyumba ya mutu ndiyo ilifanya kazi hiyo, mwenyewe amelala.

Sasa kosa letu. Neno letu la siri lilikuwa jina la harakati na mwaka. Watu saba walikuwa nalo, wawili kati yao walishatuacha. Roboti haikuingia, bahati tu. Na ndani ya saiti ileile kulikuwa orodha ya majina na manamba ya simu ya wanamemba. Roboti haijui maana ya orodha hiyo. Lakini milango iliyovunjwa inauzwa, na mununuzi anaweza kujua.

Komunike sitaiandika. Sisemi wakubwa hawawezi: kisha uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa inchi nzima kwa siku kama 20, na kila mutu aliona. Tukilia leo bila ushahidi, siku itakuwa kweli nani atatusikiliza?

Orodha tumeshaitoa. Kila mwenye kazi kwenye saiti ana neno lake refu, pamoja na namba ya pili inayokuja kwenye simu. Jumamosi, saa tatu mpaka saa sita, saiti itafungwa ili tuweke toleo jipya la WordPress. Mwenye ordinateri na mega kidogo aje atusaidie. Chai iko.