Sina Hata Ndururu

Kuna uongo unaozunguka kwenye simu zetu mwaka nenda mwaka rudi, na watu wazima wenye akili zao bado wanaumeza. Unasema hivi: ukipata kwa shosho ile sarafu yenye tundu katikati, au ile shilingi ya simba, usiitupe. Kuna tajiri mahali, mara ni Mzungu, mara ni Mwarabu wa Dubai, anaitafuta kwa udi na uvumba na atakulipa milioni. Picha inawekwa, namba ya simu inawekwa, na chini yake watu wamejipanga foleni wakiuliza, "Mimi ninazo kumi, nakupata aje?"

Mimi nasema hivi: karibu zote hazina bei ya maana, na anayekuambia zina bei hiyo anataka kukuibia. Tena ukijua zilivyotufikia, utakasirika kuliko unavyokasirikia huo wizi.

Anza na lugha. Mtu akifilisika hapa Kenya husema hana hata ndururu. Ndururu ni nini? Ni ile senti tano ya shaba yenye tundu. Wazee walioishika mkononi walitumia jina lake kumaanisha chini kabisa, karibu na bure. Waliijua kuliko mtu yeyote wa TikTok.

Sarafu huwa ghali kwa sababu mbili: ziwe zimebaki chache, na kuwe na watu wanaozitaka. Umri peke yake hauleti kitu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, makao yake London, na ikatoa pesa za Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye na Zanzibar. Ilitoa senti kwa mamilioni, mpaka tukapata uhuru na Kenya ikaleta shilingi yake 1966. Ndio maana zimejaa kwenye makopo ya maziwa ya unga kutoka Kitui hadi Kakamega. Kitu ambacho kila shosho anacho si adimu.

Hadithi wanayoipenda sana matapeli ni ya mfalme Edward VIII. Ni kweli alitawala chini ya mwaka mmoja, 1936, akaacha kiti. Ni kweli pia kwamba huko Uingereza sarafu zake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya kawaida. Kwa hivyo ukiona jina lake kwenye senti kumi ya shosho, moyo unaruka. Lakini senti zetu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu, na zenye jina lake zilipigwa kwa mamilioni. Mfalme ni adimu, sarafu yake sio.

Na shilingi ya simba je? Angalia mwaka. Zile za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, namaanisha madini, sio pesa. Uzito wake ni karibu gramu 8, kwa hivyo unapata kama gramu 2 za fedha halisi. Zile za 1948 kuja huku hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Tafuta bei ya gramu ya fedha leo, zidisha kwa 2, kisha uniambie kama hiyo ni ploti Kitengela au ni chakula cha mchana.

Ziko za bei, sikatai. Florini na shilingi za 1920 ni adimu, kwa sababu pesa ilibadilishwa tena karibu papo hapo na nyingi zikayeyushwa. Hata sarafu ya kawaida, ikiwa haijawahi kutumika na bado iko vile ilivyotoka mtamboni, mkusanyaji ataitazama mara mbili. Usiisugue kwa majivu wala ndimu, utaiharibu. Na ukitaka kujua bei, usiangalie bei ambayo mtu ameomba mtandaoni. Hata mimi naweza kuweka kiatu changu cha kushoto kwa milioni. Angalia minadani bei ambayo mtu alilipa kweli.

Sasa, ule wizi. Binamu yangu aliambiwa shilingi yake ya 1952 imepata mnunuzi wa laki nane. Kwanza atume 1,500 za usajili. Akatuma. Kisha 4,000 za cheti. Akakopa kwa simu, akatuma. Kisha 9,000, ati za kibali cha kusafirisha. Alipokosa, namba ikazimwa. Deni la simu halikuzimwa, na sarafu bado anayo. Mnunuzi hulipa. Anayekudai wewe umlipe ili anunue si mnunuzi.

Kinachoniuma ni kwamba hizi sarafu zina historia ya kuchukua. Kodi ya nyumba ilianza 1901, na kwa watu wengi pesa ya kuilipa ilipatikana mahali pamoja tu: shambani kwa Mzungu. Serikali ilijua hivyo na ilitaka hivyo. Rupia ilipogeuzwa kuwa florini, kisha shilingi, kati ya 1920 na 1921, kiwango kilichowekwa kiliongeza uzito wa madeni ya masetla. Masetla wakajifidia kwa kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Kodi nayo ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Hayo ndiyo Harry Thuku alikuwa anapinga alipokamatwa, na Machi 1922 umati uliokwenda kudai aachiliwe ukapigwa risasi hapa Nairobi. Mwaka huo kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Watu walikufa, tukapunguziwa shilingi 4.

Sasa weka hayo kando ya ule ujumbe wa simu. Pesa iliyomtoa babu ya babako kwenye shamba lake ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa leo kukutoa wewe 1,500. Wakati ule ilikuwa ni lazima, sasa tunatuma wenyewe. Na anayetukamua hahitaji tena askari wala karani wa kodi, anahitaji laini ya simu na njaa yetu.

Najua jibu: waache watu waote, maisha ni magumu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, na kazi ninazofanya hulipwa zikilipwa, kwa hivyo sihitaji kufundishwa ugumu wa maisha. Ndoto ya bure siigusi. Hii inalipiwa, na anayeilipia ni yule ambaye hana.

Basi kopo la shosho litunze. Soma miaka, soma majina, tenga za 1920 ukizipata. Kama shosho bado yupo, muulize ilikuwa ni siku ngapi za kuchuma kahawa au kung'oa pareto kupata shilingi moja ya simba, na nani aliichukua. Na yule wa kwenye simu akikuuliza kama unazo, mwambie unazo kumi, lakini huna hata ndururu ya kumtumia.