Rangi ya Mguu Si Cheti cha Kuku

Kuna jambo linalonikera kila siku ya soko. Mnunuzi humpindua kuku kichwa chini, akamkagua miguu. Ikiwa ya manjano, hutamka, "Huyu ndiye wa kienyeji halisi," na pesa zinatoka. Ikiwa myeupe, huguna: "Ah, mama, huyu ni wa gredi, tena mgonjwa!" Bei ikakatwa nusu. Nyanya yangu ameuza kwa hasara namna hiyo si mara moja. Mie nasema huo ni uonevu, na msingi wake ni kutojua.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kuku hurithi jeni mbili za rangi ya ngozi, moja ya jogoo na moja ya koo. Jeni ya weupe ndiyo yenye nguvu. Hiyo huifanya ngozi iwe na kimeng'enya kinachovunjavunja rangi ya manjano. Kuku akirithi jeni ya manjano pande zote mbili, rangi hubaki ngozini. Kwa hiyo wazazi wenye miguu myeupe, kama wote wameficha jeni ya manjano, huweza kupata vifaranga ambao, kwa wastani, mmoja kati ya wanne ni wa manjano. Basi tuache kumsingizia jogoo wa jirani!

Je, manjano ni dalili ya ukienyeji? Hata kidogo! Leghorn na Rhode Island Red ni kuku wa kigeni, na ngozi yao ni ya manjano. Sussex naye ni mgeni, lakini ngozi yake ni nyeupe. Tena mwaka 2008 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba jeni hiyo ya manjano ilitoka kwa kuku-mwitu wa kijivu wa India. Sasa mwenyeji ni nani hapo?

Isitoshe, jeni peke yake haitoshi. Rangi yenyewe hutoka chakulani, kwenye majani mabichi na mahindi ya manjano. Mfungie kuku bandani umlishe mahindi meupe tu, miguu itapauka ingawa jeni anazo. Na koo anayetaga sana hupauka pia, kwa maana rangi inayotoka chakulani huingia kwenye kiini cha yai badala ya kwenda miguuni.

Wanachama wenzangu, mkitumwa sokoni, tazameni macho, upanga na uzito wa kuku, kisha mwulizeni muuzaji amemlisha nini. Anayemdharau koo kwa miguu iliyopauka huenda anamkataa mtagaji bora kuliko wote kapuni.