Korongo Linahitaji Mtu wa Kusema Hapana

Kijito kinachoishia kwenye kifundo cha mguu hakimtishi mtu. Ndiyo maana makorongo huua watu waliovaa kaptura, simu mkononi, jua likiwaka juu ya vichwa vyao. Mimi ni mzaliwa wa Naivasha na mwalimu wa jiografia, na habari ya korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, huniuma kila inapozungumzwa. Wako wanaotaka lifungwe moja kwa moja. Wako wanaotaka liwe wazi kila siku, kwa sababu vijana wanaoongoza wageni wanategemea hapo kula. Nawaelewa wote, lakini sikubaliani na upande wowote, na sababu yangu niliipata mbali sana na nyumbani, ndani ya Mto Virgin, jimbo la Utah, Marekani.

Mdogo wangu anaendesha malori huko, na ndiye aliyenipeleka Hifadhi ya Taifa ya Zion. Basi la hifadhi hukuteremsha mahali paitwapo Temple of Sinawava. Unafuata njia iliyosakafiwa kwa kilomita moja na nusu hivi, kisha njia inakwisha na mto wenyewe unakuwa njia. Unaingia majini na kuupanda. Watu hukodi buti na soksi nene za mpira, pamoja na mkongojo mrefu wa mti, maana mawe ya chini ni ya mviringo, yanateleza, na mara nyingi huoni unapokanyaga. Mkongojo unatangulia, mguu unafuata. Mahali pengi maji hayafiki magotini. Mbele kidogo yako kiunoni, na baridi yake inakukata pumzi ilhali nje ya korongo joto linaunguza.

Kuta za hapo ni za mwamba wa mchanga uitwao Navajo. Kiasi cha miaka milioni 180 iliyopita mwamba huo ulikuwa vilima vya mchanga vya jangwa kubwa mno, na ukitazama vizuri unaona mistari iliyolala mshazari, alama za upepo uliokuwa ukihamisha mchanga ule. Nimechora mistari ya namna hiyo ubaoni mara nyingi. Kuigusa kwa kiganja, maji yakinipita miguuni, ni jambo ninalotamani kila mwanafunzi wangu alipate. Maji ya mvua na theluji huzama ndani ya mwamba huo na kuteremka polepole kwa karne nyingi, hadi yakutane na tabaka la chini lisiloyapitisha kwa urahisi. Hapo hububujika ubavuni mwa ukuta, na palipobubujika huning'inia mimea ya kijani kibichi, katikati ya nchi kavu.

Sehemu iitwayo Wall Street kuta hupanda hadi mita 300 hivi, na mahali pembamba zaidi upana wa korongo ni mita sita au saba. Hakuna ukingo. Maji yanagusa ukuta wa kushoto na wa kulia, na mbingu ni utepe tu.

Utepe huo hauwezi kukuambia lolote la maana. Mvua ya kukuua inaweza kunyesha kilomita nyingi kutoka hapo ulipo, usiione wala kuisikia. Ardhi ya juu ni mwamba mtupu, udongo ni haba, kwa hiyo karibu kila tone hukimbilia bondeni. Maji yakigeuka tope ghafla, vijiti na majani yakianza kuelea, au ukisikia mngurumo kutoka mkondo wa juu, usijaribu kushindana nayo mbio. Panda. Hata mita mbili zinaweza kukuokoa.

Zion kila siku hutangazwa kiwango cha hatari, kwa utabiri wa idara ya taifa ya hali ya hewa: mafuriko ya ghafla hayatarajiwi, yanawezekana, yana uwezekano mkubwa, au yanatarajiwa. Mtiririko wa mto unapimwa. Ukizidi futi za ujazo 150 kwa sekunde, yaani mita za ujazo nne na kitu, njia ya mtoni hufungwa. Onyo la mafuriko likitolewa, hufungwa pia, hata kama umevuka bahari kwenda kuiona.

Lakini tangazo peke yake halitoshi, na hili wanaolisifu hulisahau. Tarehe 14 Septemba 2015, watu saba walikufa katika korongo jembamba la Keyhole, humo humo Zion. Walikuwa na kibali na walikuwa wameonywa. Uamuzi wa kuingia uliachwa mikononi mwao. Mtu aliyesafiri mbali na kupanga safari kwa miezi atajiambia kwamba mvua itapita pembeni. Kwa hiyo lazima awepo mwingine wa kumkatalia.

Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, walijifunza hivyo kwa uchungu. Agosti 1997, mafuriko yaliua watalii 11 katika korongo la Antelope, kwenye ardhi yao huko Arizona, baada ya dhoruba kunyesha mbali na hapo. Waliendelea kulitumia korongo lao. Waliweka ngazi imara za chuma, na leo huingii bila kiongozi aliyeidhinishwa. Kiongozi akisema leo hatuingii, hamuingii.

Sasa turudi Hell's Gate. Aprili 2012 maji yaliua vijana saba wa kanisa moja la Nairobi. Septemba 2019 yakaua tena watu saba, akiwemo kiongozi wao. Mwamba wetu ni wa volkano, lakini kanuni ni ile ile: kuta nyembamba, mvua ya juu, watu walio chini wasiojua.

Ninachotaka ni hiki. Vipimo vya mvua viwekwe kwenye miinuko inayomwaga maji Ol Njorowa. Shule za huko zishirikishwe, kwa kuwa kusoma kipimo cha mvua ni somo la jiografia, ingawa msimu wa masika kusoma mara moja kwa siku hakusaidii. Mtu asome kila inaponyesha na apige simu langoni. Langoni awepo afisa mmoja mwenye mamlaka ya kufunga korongo saa hiyo hiyo, na mshahara wake usitegemee hata kidogo idadi ya wageni wa siku hiyo. Vijana wanaoongoza wageni nao walipwe siku korongo linapofungwa, ili njaa isiwasukume kuingia. Pesa za kiingilio tunazolipa zianzie kwa watu hao.