Nyundo iliyopotea na somo kwa mwenye shamba

NYUNDO kupotea shambani si habari ya kuandikwa gazetini. Hutafutwa, ikikosekana hununuliwa nyingine. Lakini nyundo iliyopotea Novemba 1992 katika kijiji cha Hoxne, Suffolk, nchini Uingereza, ina somo kwa kila mwenye shamba, awe wa huko au wa Kilwa, Pangani na Bagamoyo.

Mkulima aliyeipoteza alikuwa mpangaji tu. Shamba lilikuwa mali ya halmashauri. Alimwomba rafiki yake, mtunza bustani mstaafu, amsaidie kuitafuta kwa mashine ya kutambua metali, ile inayolia inapopita juu ya chuma au sarafu iliyofukiwa. Mashine ililia. Kilichotoka ardhini hakikuwa nyundo, bali vijiko vya fedha, vito na sarafu za dhahabu vilivyofichwa mwishoni mwa utawala wa Warumi, karibu miaka 1,600 iliyopita.

Hapo ndipo yule mzee alipofanya jambo la busara. Hakuendelea kuchimba. Aliacha vitu vingi vikiwa ardhini akatoa taarifa. Wataalamu wa mambo ya kale walifika siku iliyofuata wakavitoa kwa utaratibu, wakiandika kila kimoja kilivyokaa. Sarafu peke yake zilikuwa 14,865. Mwaka 1993 hazina yote ilithaminiwa kwa pauni milioni 1.75, na fedha hizo akalipwa mgunduzi. Nyundo nayo ilipatikana, na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum.

Jambo ambalo wengi hawalitaji ni hili: sheria ya wakati ule ilimtambua mgunduzi peke yake. Mkulima aliyelima shamba lile hakuwa na haki ya kudai hata senti. Alipata mgawo kwa sababu rafiki yake aliamua kugawana naye. Kwa maneno mengine, mapato ya mkulima yalitegemea wema wa mtu, na wema si mkataba.

Waingereza waliliona pengo hilo. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 inamtaka anayekuta hazina kutoa taarifa ndani ya siku 14 kwa ofisa anayechunguza vifo vya ghafla, ambaye kwa desturi ya kale ya nchi hiyo hushughulikia pia mali zilizofukiwa. Makumbusho ikiitaka mali hiyo, kamati ya wathamini hupendekeza bei, na malipo yanaweza kugawanywa kati ya mgunduzi, mwenye ardhi na anayeitumia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa hazina ya Staffordshire ya mwaka 2009, iliyothaminiwa kwa pauni milioni 3.285. Mgunduzi na mwenye shamba waligawana nusu kwa nusu.

Wapo wasioridhika na nusu. Mwaka 2015, karibu na mji wa Leominster, watu wawili wenye mashine kama hizo walikuta vito vya dhahabu na sarafu zinazokadiriwa kufikia 300, za zama za Waviking. Hawakutoa taarifa. Mwenye ardhi hakuambiwa. Sarafu ziliuzwa kwa siri. Mwaka 2019 mahakama iliwafunga, mmoja miaka 10 na mwingine miaka minane na nusu, vifungo vilivyopunguzwa baadaye. Sarafu zilizopatikana ni sehemu ndogo tu. Wagunduzi walikosa, mwenye ardhi alikosa, na nchi ilikosa.

Kiuchumi, mifano hii miwili inasema jambo moja. Mali ya kale haina thamani kwa uzito wake pekee. Thamani yake kubwa imo katika taarifa: imetoka wapi, ilikaa na nini, nani aliitoa. Anayeichimba usiku na kuiuza gizani anaitupa sehemu hiyo ya thamani. Mnunuzi wa namna hiyo anajua muuzaji hawezi kwenda mahakamani, kwa hiyo hutoa bei anayotaka yeye. Wahenga wa biashara walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, haya yanamhusu mkulima wa Tanzania? Yanamhusu sana. Senti za shaba za masultani wa Kilwa bado huokotwa katika pwani ya kusini. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wataalamu walifukua mwaka 1984 sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Na bara, nani hajasikia habari za mali za Mjerumani? Watu hufika kijijini na mashine na ramani iliyochakaa, wakidai chini ya mti fulani kuna masanduku. Wengine huomba kwanza mchango wa gharama. Mkulima huuza mbuzi, shimo huchimbwa, wageni huondoka, na linalobaki ni shimo.

Kwa upande wa Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba malikale bila kibali, na pia kuzipeleka nje ya nchi bila ruhusa. Katazo hilo ni zuri, lakini katazo peke yake halimfanyi mtu atoe taarifa. Mkulima aliyekuta chungu cha sarafu wakati akipalilia mihogo hujiuliza maswali mawili: nikisema nitapata nini, na shamba langu litafanywaje? Asipokuwa na jibu la uhakika atanyamaza, na ukimya huo ndio mtaji wa walanguzi.

Kwa hiyo ni vyema wahusika waweke kiwango cha zawadi kinachojulikana mapema, kitangazwe hadi ofisi za vijiji, na kimtambue mwenye shamba pamoja na aliyeokota. Makumbusho haziwezi kulipa bei za London, na si lazima. Malipo ya wastani yanayofika kwa wakati, pamoja na fidia ya mazao yatakayoharibiwa na uchimbaji, yatashinda ahadi ya mlanguzi.

Wakati hayo yakisubiriwa, mkulima naye ana la kufanya. Asimruhusu mtu mwenye mashine kuingia shambani kabla ya kuona kibali chake na kuandikiana mbele ya uongozi wa kijiji. Asitoe fedha yake kumchangia mtafuta hazina yeyote. Akikuta kitu cha kale kwa bahati, asikioshe wala kukisugua, asiendelee kuchimba; aweke alama mahali pale, atafute shahidi, kisha atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kudai maandishi ya kupokelewa.

Mazao ya uhakika ya shamba ni yale yanayopandwa. Lakini ikitokea jembe likagonga kitu kisichopandwa, mwenye shamba asiwe wa mwisho kujua bei yake.