Tugawane okidi, tusigawane mbu

Mtaani kwetu Morogoro kuna upatu usio wa fedha. Kinamama wachache wanaootesha okidi nyumbani wana utaratibu wao: ya mmoja ikichanua, chungu kinazunguka. Wiki hii kipo sebuleni kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na maua yakinyauka kinarudi kwa mwenyewe. Watoto hukisubiri kama mgeni wa sikukuu.

Mwezi uliopita zamu ilinifikia. "Shika mwanangu, ila maji usiizidishie," jirani aliniambia akinikabidhi okidi ya zambarau. Nikaiweka dirishani. Kesho yake nilipoinua chungu, niliona kwenye kisahani vidudu vyembamba vikijipindapinda majini. Viluwiluwi vya mbu. Nikakimbilia kukagua vyungu vyangu mwenyewe, mimi ninayeandika habari za afya kila wiki. Viwili vilikuwa hivyohivyo.

Mzazi mwenzangu, mbu anayependa vyombo vidogo vya maji kama hivi ni Aedes, anayeeneza homa ya dengue. Dar es Salaam iliipata mwaka 2014, ikaipata tena 2019. Mbu huyu huuma zaidi mchana, wakati mtoto anacheza sebuleni, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi.

Kuna jambo wengi hatulijui. Aedes hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Ukimwaga maji tu, mayai yanabaki yameganda pale, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa. Maji yakirudi, yanaanguliwa. Ndiyo maana kisahani kinachoonekana kikavu kinaweza kupeleka mbu nyumba ya tatu pamoja na ua.

Uzuri ni kwamba okidi yenyewe haitaki maji yaliyotuama. Panda milima ya Uluguru uone zinavyoishi: nyingi zimeshikilia matawi ya miti, mizizi ikiwa wazi, zinanyeshewa na kupitiwa na ukungu, kisha upepo unazikausha. Ndiyo sababu nyumbani tunazipanda kwenye vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, ndani ya chombo chenye matundu. Zikikaa kwenye maji, mizizi inaoza. Kwa hiyo kinachomlinda mtoto ndicho kinacholilinda ua.

Kwa wanaozungusha maua, tufanye hivi. Mwagilia asubuhi nje ya nyumba, acha maji yachuruzike yaishe, ndipo urudishe chungu ndani. Angalau mara moja kwa wiki, mwaga maji ya kisahani kwenye udongo mkavu, si mtaroni, kisha kisugue kwa brashi na sabuni, pamoja na kuta zake. Usisahau chupa ya maua ya kukata. Na chungu kikihama, kisahani kibaki. Kila nyumba itumie chake.

Mtoto akipata homa kali ya ghafla, maumivu ya kichwa, nyuma ya macho au ya viungo, au vipele, mpeleke kituo cha afya apimwe. Kipimo cha malaria kikisema hana, uliza kuhusu dengue. Kushusha homa, tumia paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwani zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Akitapika mfululizo, akilalamika tumbo linauma sana, akitoka damu kwenye fizi au akilegea, usisubiri kupambazuke.

Ukitaka kuongeza okidi kwenye mzunguko, usimtume kijana akang'oe msituni. Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, na okidi iliyong'olewa mtini mara nyingi hufa ikifika mjini kwenye joto. Ngoja ya mwenzako imalize kuchanua. Kama ni aina inayotoa mashina mengi, igawe kwa kisu safi, kila kipande kibaki na mashina matatu hivi na mizizi yake.

Chungu cha jirani nilikirudisha Jumamosi, bila kisahani. "Mbona umeninyang'anya?" aliuliza. Nikamwonyesha nilichokuwa nimekiona. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake alete brashi, tukaanza na vyungu vya barazani.