Ujira wa Mwigizaji
Kijana mmoja wa Mwanza atuuliza: yafaa kumtaja mwigizaji katika kurasa hizi? Yafaa, palipo na haki ya mtu. Marehemu Amri Athumani, Mzee Majuto wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948, hakuigiza kijana mtanashati. Alikuwa yule mzee mbishi tunayemjua sote mtaani, na vichekesho vyake vilifika hata Ukerewe. Alipougua mwaka 2018 yalisikika malalamiko juu ya mikataba yake ya filamu na matangazo. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mtenda kazi alipwe upesi, basi auzaye nakala za wizi sokoni, na azinunuaye, nao wamezuia ujira huo. Mzee alitibiwa India, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti. Mwenyezi Mungu amrehemu.